Abiria wa Kiti cha Nyuma

Gari lilipowashwa kwa mara ya kwanza pale bandarini, lilianza kulia. Ti, ti, ti. Taa ndogo nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Lilikuwa linadai kwamba abiria wa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, afunge mkanda. Nyuma hapakuwa na mtu.

Wakala wa forodha, mwanamume mnene aliyeshika rundo la karatasi kwapani, akaangua kicheko. "Magari ya ng'ambo haya, bwana, yana deko! Limekaa melini wiki sita, kiti kimevuta unyevu, sasa kinadhani kimekaliwa. Kitakauka." Akaingiza mkono nyuma, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Kelele ikakoma. "Umeona? Mfungie huyo asiyeonekana, uende zako salama."

Mwenye gari naye akacheka. Mtaani walimwita Wino, kwa sababu alikuwa mpiga chapa na vidole vyake havikutakata hata siku ya sikukuu. Alichapa kadi za harusi na matangazo ya misiba, na alipenda kusema kwamba kila mtu wa mji ule lazima apite mikononi mwake mara mbili, akitaka asitake.

Gari lile alilinunua kwa ajili ya mama yake. Sukari ilikuwa imemla bibi wa watu macho yote mawili, kisha ikahamia kwenye figo, na sasa ilibidi apelekwe hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Kwenye teksi za kuokoteza alirushwarushwa na kubanwa, akarudi nyumbani amenyauka kama nguo iliyokamuliwa. Ndipo Wino akaanza kushinda kwenye mtandao, akifungua picha moja baada ya nyingine za magari yaliyotumika huko ng'ambo, mpaka akakutana na hili: jeupe, safi, halijatembea sana, na bei yake iko chini ya wenzake wote.

"Rahisi huvunja upishi, baba watoto," mkewe alimwambia.

"Wameandika lilikuwa la mzee mmoja, akiendea sokoni tu."

"Na huyo mzee yuko wapi sasa?"

Wino alituma fedha, akasubiri meli.

Siku ya kwanza ya kwenda hospitali alimwingiza mama yake kiti cha nyuma, upande wa kulia, akarudi ndani kuchukua mfuko wa dawa. Mkewe alikuwa kwenye geti, anahangaika na komeo. Wino aliporudi alimkuta mama anazungumza kwa uchangamfu.

"Hujambo, mwanangu? Karibu. Karibu sana, jisikie uko kwenu. Sisi mgeni hatumfukuzi."

"Mama, unaongea na nani? Mkweo bado yuko getini."

"Sisemi na mkwe wangu. Nasema na huyu hapa." Mama alikuwa ameuweka mkono wake wa kushoto juu ya kiti cha pembeni, kiganja juu, kama mtu aliyeshikwa. "Maskini, ana vidole baridi! Punguza hicho kipupwe chako, utamuua mtoto wa watu."

Kipupwe kilikuwa hakijawashwa. Wino na mkewe wakatazamana. Daktari alishawaonya kwamba damu ikichafuka, akili nayo hutangatanga. Wakaliacha jambo lipite.

Na kusema kweli, majuma ya mwanzo Wino alimshukuru Mungu kwa gari lile. Mama yake alirudi kutoka hospitali akiwa na nguvu, anacheka peke yake kule nyuma, anatikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa mambo. Kila gari lilipowashwa, sauti laini ya mwanamke ilitoka kwenye redio na kusema maneno machache kwa lugha ya kule lilikotengenezwa. Hilo halikumshangaza mtu. Magari mengi ya kuagizwa husema hivyo. Mama ndiye aliyeijibu. Mwanzoni kwa mzaha, "Salama, dada, na wewe je?" Baadaye kwa minong'ono ambayo Wino hakuishika vizuri.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa harufu ya maji ya maua, yale maji yanayobaki kwenye chupa baada ya maua kukaa siku nyingi chumbani kwa mgonjwa. Wino alisafisha mazulia, akaanika viti juani siku nzima. Kiti cha kulia kilikauka. Cha kushoto kilibaki na ubaridi, na katikati yake palikuwa na bonde dogo, la mtu mwenye umbo jembamba, ambalo hakuweza kulifuta hata kwa kulipigapiga kwa ngumi.

Mkewe ndiye aliyegundua kwamba maneno yanamtoka mama.

Lilianza neno kijiko. "Nipe kile," mama alisema mezani, "kile cha kukorogea." Kesho yake likapotea neno dirisha. Keshokutwa, shuka. Watu wazima husahau, hilo linajulikana, lakini mama hakuacha pengo mahali neno lilipokuwa. Aliweka jingine. Neno fupi, lenye mkato mwishoni kama mlango unaofungwa taratibu.

"Mama, hiyo ni lugha gani?" mkewe alimuuliza.

"Lugha gani tena, mkwe wangu? Si kijiko hicho?" Akalirudia neno lile geni, kwa lafudhi ya mtu aliyezaliwa nalo.

Mkewe alikuwa na kaka aliyesomea uhandisi huko huko ng'ambo lilikotoka gari, miaka sita. Wakati ule alikuwa porini, anasimamia ujenzi wa barabara. Wakamrekodi mama kwa simu akizungumza, wakamtumia. Jibu lilikuja kesho yake: "Dada, mbona sisikii sauti ya mama? Mimi nasikia mtu anapumua tu. Wawili."

Siku hiyo Wino alimfikisha mama hospitali, wauguzi wakampokea, naye akaenda kukaa garini kusubiri kama kawaida yake. Ilikuwa saa saba mchana. Uwanja wa kuegesha magari ulikuwa umejaa jua, walinzi wamejikunyata kwenye kivuli cha ukuta, na mahali fulani mashine ya kukatia majani ilikuwa inanguruma. Alizima injini, akafungua gazeti. Ti. Akadhani ni simu. Ti, ti. Taa nyekundu iliwaka, ingawa ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akainua macho kwenye kioo cha juu, na kioo kikamwonyesha kiti kitupu, mkanda umening'inia, hakuna kitu, hakuna mtu. Lakini dirisha la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi, katika joto lile la kuunguza mikono, ukawa mkubwa kama sahani, ukapungua, ukawa mkubwa tena, polepole, kwa utulivu wa mtu aliyelala, na Wino akataka kufungua mlango akakuta mkono wake umesahau mlango unafunguliwaje, akataka kupiga honi akakumbuka kwamba kupiga honi ni kumwambia yule aliyeko nyuma kwamba amemwona, basi akakaa, gazeti mapajani, jasho likimtiririka hadi kiunoni, akisikiliza kiti kikilia kwa uzito wa mtu anayejisogeza kutoka kushoto kuja katikati, ili amkae vizuri kisogoni, na harufu ya maji ya maua ikampita sikioni pamoja na ile sauti laini aliyoizoea, safari hii bila redio, ikisema neno moja kwa upole, kisha ikilirudia, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi.

Mlinzi aligonga kioo. "Mzee, bibi yako ameshamaliza, wanakuita."

Wino alianguka nje zaidi kuliko alivyotoka.

Alilipeleka gari kwa fundi umeme, mtu hodari, asiyeamini kitu asichoweza kukipima kwa mita yake. Fundi alikata waya za king'ora, akang'oa kisanduku cha sauti, akamkabidhi mkononi. "Kaka, huyo dada yako hatasema tena." Asubuhi kisanduku kikiwa juu ya meza ya duka la chapa, mbali na gari, sauti ilimsalimia mama kiti cha nyuma kama kawaida. Wino alimrudia fundi. Fundi alimsikiliza kwa heshima, akafuta mikono, akasema, "Kaka, siku hizi nina kazi nyingi sana," na kuanzia hapo hakupokea simu yake.

"Liuze," mkewe alinong'ona. Walikuwa wameanza kunong'ona nyumbani kwao wenyewe.

"Nimuuzie nani? Nimpe mtu mwingine msiba huu kwa mikono yangu?"

"Basi livunje. Baba watoto, jana nimemkuta mama anakwenda garini peke yake. Kipofu, hajapapasa ukuta, hajakanyaga ndoo. Anatembea kama anayeongozwa."

Wino alilipeleka kwa wakata vyuma. Alisimama akaona paa likifunguliwa kwa moto, milango ikirundikwa, kile kiti cha nyuma kikitupwa juu ya kilima cha viti vingine. Alirudi nyumbani kwa miguu, akiwa hana gari, hana akiba, na ana mama wa kupeleka hospitali Alhamisi. Lakini moyo wake ulikuwa mwepesi. Alimkuta mama kitandani, ametulia, uso umeelekea ukutani. Chumba kilinuka maji ya maua. Kwenye godoro, pembeni ya mama, upande wa kushoto, palikuwa na bonde.

Waliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo aliyejulikana kama Karani, kwa sababu kabla ya kuanza kutibu watu wenye majini alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na mbili. Hata sasa alikuja na daftari. Alifukiza ubani, akasoma alichosoma, akazunguka chumba pembe zote, kisha akavuta kigoda na kuanza kuuliza maswali, kalamu mkononi.

"Aliingia lini? Aliingia na nini? Kuna aliyemtukana? Kuna aliyemmwagia maji ya moto?"

Wakamweleza yote. Walipofika kwenye siku ya kwanza, akainua kalamu.

"Hebu rudia hapo. Bibi alisema nini, neno kwa neno?"

Wino akarudia. Karani akafumba daftari.

"Wengi wanadhani jini huvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Asilimia kubwa hukaribishwa. Huyu si mzimu wa marehemu, wala hakutumwa na adui. Ni jini aliyezoea kukaa na watu wazima walio peke yao. Huko alikotoka alikuwa na mzee wake, akammaliza, akabaki kwenye kiti anasubiri. Ninyi mkamvusha bahari. Na bibi akampa hati ya kuingia."

"Tufanyeje?" mkewe aliuliza.

"Aliyemkaribisha mgeni ndiye humsindikiza. Mimi siwezi kumtoa, wala ubani hautoshi. Bibi mwenyewe aseme, kwa kinywa kile kile na kwa lugha ile ile: toka, sikutaki tena. Mara tatu. Basi."

Wino alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwahi kumwona mama yake akiwa mdogo hivyo. "Mama. Unanisikia? Mwambie atoke."

Mama akageuza uso. Macho yake yaliyokufa yakamtafuta. Akaushika mkono wa mwanawe na kuupapasa vidole, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimpapasa utotoni kuhakikisha amenawa. Alielewa. Hilo Wino angeliapia mbele ya mtu yeyote: mama alielewa anachoombwa, na alitaka. Akafungua kinywa. Shingo ikasimama mishipa. Midomo ikajikunja kutafuta neno, ikalikosa, ikajaribu tena.

"Toka," mwanawe alimsaidia, machozi yakimdondoka. "Sema, mama. To-ka."

"T—" mama alisema. "T—"

Kilichotoka baada ya hapo kilikuwa kirefu, laini, cha kigeni, chenye mikato yake mwishoni. Mama mwenyewe alikisikia. Akaufunika mdomo wake kwa kiganja, kama mtu aliyetapika mbele ya wageni.

Karani alijaribu naye mpaka alasiri. Kisha akaanza kukusanya vyetezo vyake. Mlangoni alimrudishia Wino bahasha yake bila kuifungua.

"Nimekaa mahakamani miaka ishirini na mbili, baba. Nimeona kesi ya mtu mwenye haki yake kamili, ila shahidi wake amekufa. Hakimu anajua, mawakili wanajua, na hakuna wa kufanya kitu." Akatikisa kichwa. "Nisamehe."

Siku zikaenda. Mama alipelekwa hospitali kwa teksi, akarudishwa. Wauguzi walisema damu yake inaendelea vizuri, wakashangaa yeye mwenyewe anazidi kupungua. Hakucheka tena. Alizungumza mchana kutwa kwa lugha ile, kwa sauti iliyopanda na kushuka, akinyamaza kidogo ili kusikiliza, akaanza tena. Wino alifunga duka saa za mchana ili aje kukaa naye. Alimlisha, alimfuta, alimwita. Hakuwa na la kufanya zaidi ya hayo, na alijua.

Shemeji yake alirudi kutoka kwenye barabara zake siku ya Jumamosi, viatu vikiwa bado na lami. Hakunywa hata maji. Aliingia chumbani, akatoa salamu yake, "Shikamoo, mama," na mama hakugeuka. Shemeji akaketi ukingoni mwa kiti. Mapazia yalikuwa wazi, nje kulikuwa na jua na sauti za watoto wa jirani wakiruka kamba.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Nini, kaka?" dada yake aliuliza.

"Anakisema vizuri kuliko mimi," alinong'ona. "Tena cha kizamani. Cha mabibi."

"Anasema nini?"

"Sisi tulidhani anapiga soga." Shemeji alimgeukia Wino. "Hapigi soga. Anabembeleza."

Mama alikuwa ameanza tena, haraka haraka, mkono wake wa kulia ukikamata shuka. Shemeji akasogeza kichwa karibu na sikio la Wino na kutafsiri kwa kunong'ona, sentensi moja nyuma.

"Anasema, mimi bado nipo. Bado nina pumzi, usiwe na haraka... Sasa anasikiliza. Anasema, hapana, huyo hapana. Huyo ana mke, ana watoto wako shule... Anasema, mtu mwenyewe mchafu, vidole vyake vyote wino, utamtakia nini? Kaa na mimi. Nitakusimulia tena ile uliyoipenda."

Mkewe alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Wino alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu gari lile lishuke melini aliona kilichokuwa kikifanyika mbele ya macho yake: mwanamke kipofu, amejikalisha mlangoni siku zote hizi, anamzuia mgeni asipite ndani, na maneno ya kwao yamemwishia moja moja kwa sababu ndiyo aliyokuwa akimlipa.

"Mwambie aache," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Shemeji, wewe unaijua lugha yao. Mwambie mama aache, apumzike."

Shemeji hakuwahi kupata nafasi. Mama alikuwa amenyamaza, ameinua kidevu, anasikiliza. Bonde lililokuwa kwenye godoro, upande wake wa kushoto, likaanza kuinuka taratibu, kama unga wa kukandwa unaoachiwa, mpaka shuka likawa sawa. Kisha mama akasema sentensi moja, ya chini, ya uchovu, na mkono wake ukaliacha shuka.

Shemeji alifunika uso kwa viganja vyake. "Shemeji," alisema, "hili... sijui nikwambieje hili."

"Usiniambie. Amesema amemzuia mpaka hapa, hawezi tena. Amesema nimsamehe."

Nje, kamba ya watoto iliendelea kupiga ardhi.

Mkewe ndiye aliyesogea nyuma kwanza, hatua moja, kisha ya pili, mgongo ukagota kabati. "Baba watoto," alisema, kwa sauti ndogo kabisa. "Nani kakutafsiria?"

Wino aligeuka kumjibu. Kisogo chake kilikuwa na ubaridi, na harufu ile ilikuwa karibu, karibu mno. Alitaka kusema kwamba hajui, kwamba amesikia tu, kama mtu anavyosikia. Akanyoosha mkono kuelekea kitandani, kwa yule mwanamke aliyekuwa amelala pale bila kupumua tena, ili amwite. Akalitafuta lile neno ambalo kila mtoto hulijua kabla ya mengine yote, akalitafuta kwenye ulimi, akalitafuta kwenye koo, na halikuwepo.